Kimya cha Upande wa Kushoto

Asubuhi niliyoondoka nyumbani sikuwa na mpango wowote. Nilikunywa chai nikiwa nimesimama, nikatia shati moja na chupa ya dawa ya macho kwenye mfuko, nikatoka kwa mlango wa uani kama mtu anayekwenda chooni. Nikapita choo, nikapita migomba ya jirani, nikatokea kwenye lami. Kiangazi kilikuwa kimeanza. Nyasi za kando ya barabara zilikuwa bado na kijani cha mvua zilizokwisha, na Kamembe ilikuwa inafungua milango ya maduka. Nilifuata ukingo wa kulia. Kila nilipofika njia panda nilichukua njia ya kulia, si kwa kupenda, bali kwa sababu kwangu mimi upande wa kushoto haupo tena.

Naandika haya kwa sababu ugonjwa wangu hauumi. Ungeuma, ningejua mapema. Wako watu wengi wanaoendesha gari leo wakiwa nao na hawajui, na wako wengine wengi waliokaa karibu nao, wanaojua na wamenyamaza. Nayaandikia makundi hayo yote mawili.

Nina miaka sitini na mitatu. Shule niliiacha darasa la tano, siku lori lilipoharibikia mbele ya madarasa yetu. Nilikaa siku nzima kutazama fundi akifungua injini na kupanga vyuma juu ya gunia, na kesho yake sikurudi darasani. Niliondoka na lile lori. Nimeishi Uvira, Bujumbura, Kigoma, Dar es Salaam na Kampala, kwanza kama msaidizi wa fundi, kisha konvoyeri, yaani utingo, kisha shofere. Kote nilikopita niliuliza maswali hadi watu wakachoka: chumvi hii yatoka wapi, mto huu waishia wapi, kwa nini paa la msikiti huu ni la kijani. Nilipomwoa Maman Aziza, hapa Kamembe, nilimwambia mbele ya wajomba zake: "Siku utakayoniona nimekaa mahali pamoja mwezi mzima, nunua sanda." Watu walicheka. Yeye hakucheka, lakini wakati ule sikuliangalia hilo.

Miaka kumi na tisa ya mwisho niliendesha lori moja tu, la tajiri mmoja wa hapa mjini. Tulipakia mchele na simenti Bugarama, tukapandisha Kamembe, mara nyingine tukavuka msitu wa Nyungwe hadi Butare. Lori lilikuwa limeletwa kutoka Dar, na usukani wake ulikuwa kulia. Ambaye hajaendesha gari la namna hiyo katika nchi yetu nitamweleza. Kwetu magari hupita upande wa kulia wa barabara. Shofere akiwa amekaa kulia, yuko karibu na mtaro, na mbele yake kama kuna gari jingine hawezi kuona kinachokuja. Anayeona ni yule aliyekaa kiti cha kushoto. Kwa hiyo lori lile lina mashofere wawili: mmoja ana mikono, mwingine ana macho. Konvoyeri hachungulii tu mizigo. Yeye ndiye anayesema "Kweupe!" ndipo unapita, au "Ngoja!" nawe unarudi nyuma ya mkia wa mwenzako. Shofere mwenye konvoyeri mwongo hazeeki.

Wangu aliitwa Murhula, Mushi, yaani mtu wa kabila la Bashi wa Bukavu, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka. Miaka kumi na tisa hakuwahi kunidanganya barabara. Hata mara moja.

Sasa nikiangalia nyuma naona ulipoanzia. Ulikuwa msimu wa mvua kubwa, miaka mitatu na ushee iliyopita. Nilianza kumwaga chai. Nilinyoosha mkono kuchukua kikombe kilichokuwa kushoto, nikakipindua, nikalaumu meza. Bega langu la kushoto likaota madoa meusi kwa kugonga miimo ya milango, nikalaumu fundi aliyejenga. Usiku taa za magari zilikuwa na duara la rangi kuzizunguka, nikasema ni umande. Maman Aziza alinipaka mafuta ya mawese begani na hakusema kitu. Kisha bila neno akahamisha mbabula, jiko la makaa, kutoka upande wa kushoto wa mlango wa jikoni. Akaanza kuniwekea kikombe kulia, sahani kulia, viatu kulia. Nilidhani ni heshima. Nilimwambia Murhula, "Bibi akizeeka anakuwa na adabu, wewe ona."

Murhula naye alibadilika. Zamani alikuwa anangoja nimuulize. Sasa alianza kusema bila kuulizwa, kutoka Bugarama hadi nyumbani.

"Papa, kushoto iko velo, muntu anapiga pedali. Papa, kushoto bamama batatu na mizigo. Kushoto mbuzi mbili, moja anataka kuvuka, ule mweusi."

"Murhula, wewe umekuwa redio."

"Redio ya bure, Papa. Haina hata mabatri."

Tulicheka sana. Nikazoea redio ile. Nikazoea kiasi kwamba sikuuliza tena "Iko kweupe?" Nilisikiliza tu. Akisema kitu, nafunga breki. Akinyamaza, napita. Kimya chake ndicho kilichokuwa barabara yangu.

Mwaka uliofuata watu wa bima walimwambia tajiri kwamba shofere aliyepita miaka sitini alete cheti cha daktari. Nilienda dispensari moja, nikakaa kwenye benchi na Murhula na akina mama wenye watoto wa kikohozi. Nilipoitwa nilisimama mbele ya ubao wa herufi, nikafunikwa jicho la kushoto, nikasoma. Nikafunikwa la kulia, nikasoma, polepole kidogo, lakini nilisoma hadi mstari wa pili kutoka chini. Mimi wa darasa la tano! Walinipigia muhuri. Nilitoka nje kifua mbele.

"Umesikia? Macho ya kijana."

Murhula alikuwa anatazama viatu vyake. "Nimesikia, Papa."

"Mbona uso kama wa muntu wa matanga?"

"Njaa tu, Papa. Twende."

Herufi zile sikuziiba. Ndiyo jambo ambalo nataka mlielewe. Ugonjwa huu, presha ya macho, hauanzi katikati. Unakula pembeni, kama panya anavyokula mkate wa sinia, na katikati anabakisha kipande kizuri ambacho unakiona na kuridhika. Ubao wa herufi uko mbele yako, umetulia. Barabara haiko hivyo. Mengine ya kitabibu waulizeni wenye kazi yao.

Mvua za mwezi wa kumi na moja, zaidi kidogo ya mwaka mmoja baada ya cheti kile, Murhula alifiwa na mama yake. Alivuka mpaka kwenda Bukavu kukaa matanga, na mimi sikutaka lori lilale. Kwenye kiti cha kushoto nilimpakia mama mmoja mchuuzi wa vitenge aliyetaka kufika Kamembe. Alikuwa amechoka. Tulipopita Gihundwe alikuwa amelala, kichwa juu ya furushi lake.

Nilikuwa nakata kushoto kuingia njia ya depo. Nilipunguza mwendo sana, hadi gia ya kwanza. Niligeuza uso kushoto, nikatazama. Nikasikiliza. Kimya. Nikakata.

Ilikuwa moto, pikipiki ya kukodi, na abiria nyuma. Mwenye moto aliruka akachubuka viwiko. Abiria hakuruka. Alikuwa mama wa shamba, Maman Neema, amebeba kapu la mayai kwenye mapaja, na mguu wake ulibaki chini ya ile pikipiki. Ninachokumbuka si kelele zake. Nakumbuka mayai, jinsi yalivyotiririka juu ya lami pamoja na maji ya mvua, na mama wa vitenge aliyezinduka akiuliza, "Ni nini? Tumefika?"

Polisi walipima kwa utepe, wakaniuliza kama nimekunywa. Nikasema sijawahi maishani. Wakaniuliza kama nilikuwa kwenye simu. Sikuwa na simu mkononi. "Basi kwa nini hukumwona, Muzehe?" Nikasema, "Hakuwepo." Mmoja akacheka kwa hasira. Mwenzake, mtu mzima zaidi, hakucheka. Aliinua kidole chake pembeni ya uso wangu, upande wa kushoto, akakitikisa. Najua alifanya hivyo kwa sababu baadaye aliniambia. Wakati ule nilikuwa namtazama usoni nikingoja swali lingine.

Aliandika barua ya kwenda hospitali, akazuia perimi yangu, leseni ya udereva, hadi majibu yapatikane.

Hapo ndipo ulipoanza wakati wa mabenchi. Benchi la kwanza lilikuwa la hospitali ya hapa, chini ya mabati yanayopiga kelele kila mvua inaponyesha. Muuguzi wa macho aligusa jicho langu na kifaa baridi, akaandika namba, akafuta, akapima tena, akaandika ile ile. Alinipa chupa ya kwanza ya dawa ya matone na rufaa ya kwenda hospitali kubwa ya macho, ng'ambo ya msitu.

Nilivuka Nyungwe kwenye basi, kiti cha dirishani, abiria. Mara ngapi nimevuka msitu ule, na sikujua una maua. Nilikuwa najua kona zake tu. Aliyekaa nami alikuwa mwanamke mzee anayekwenda kutolewa mtoto wa jicho. Alimenya kiazi kitamu kilichochemshwa, akakivunja, akanipa nusu kubwa bila kuniuliza jina. Kwenye benchi la huko, lililojaa watu waliofungwa pamba jicho moja na bado wanataniana, aliniwekea nafasi siku mbili mfululizo. Sijui alikopotelea. Mungu amwone.

Siku ya pili waliniingiza kwenye chumba chenye giza kidogo. Unaweka kidevu kwenye kikombe cha plastiki, unatazama taa moja katikati, wanakupa kitufe mkononi. Kila ukiona nukta ya mwanga pembeni, unabonyeza. Nilianza kama mchezo. Nukta hapa, bonyeza. Nukta kule, bonyeza. Halafu nukta zikaisha. Nilingoja. Nilingoja sana. Nilisikia saa ya ukutani.

"Dokta," nikasema, "mashine imezimika."

"Hapana, Mzee. Inafanya kazi. Endelea kutazama katikati."

"Lakini haitoi kitu."

Alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu Aziza. "Inatoa, Mzee," akasema. "Inatoa tangu zamani."

Alinionyesha karatasi. Jicho la kulia lilikuwa kama mwezi ulioliwa upande wa kushoto. La kushoto lilikuwa karibu lote jeusi, na kipande kidogo cheupe katikati, kama unachungulia kupitia tundu la ufunguo. Kipande kile ndicho nilichosomea herufi.

Nikamuuliza maswali yangu yote, kwa kuwa ndivyo nilivyo. La mwisho likawa hili: kilichokufa, dawa itakirudisha? Akasema hapana. Dawa na upasuaji vitalinda kilichobaki. Nikauliza, ningekuja miaka miwili nyuma? Akakunja karatasi vizuri kabla ya kujibu. "Miaka miwili nyuma," akasema, "ungekuwa na kitu kingi cha kulinda."

Nilirudi Kamembe na barua inayosema nisiendeshe. Murhula alikuwa amerudi kutoka matanga. Alikuja jioni ile, kofia mkononi, akakaa kwenye kigoda cha uani. Nilimpa karatasi ya mwezi ulioliwa. Aliitazama muda mrefu kuliko mtu asiyeelewa anavyotazama.

"Ulijua," nikasema.

"Papa..."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya Bugarama. Nilisimama hapa, kushoto kwako, nakunyooshea risiti ya simenti. Weye unaita, Murhula, Murhula, uko wapi? Nikafikiri unacheza. Nikakupungia mukono mbele ya sikio. Haukuona."

"Hiyo ni miaka miwili!"

"Njo ile, Papa. Miwili."

"Na ukafanya nini?"

"Nikakuambia barabara. Yote. Sikukosa hata mbuzi."

"Nilikuuliza barabara mimi? Ungeniambia mimi! Ungeniambia mimi mwenyewe, ningekwenda hospitali, jicho hili lingekuwa hai!"

Akakunja kofia. "Nilifikiri ni uzee tu. Uzee hauna dawa. Nikasema, Papa akisimama, lori linasimama, batoto bangu sita banasimama. Nikasema, macho yangu yanatosha bantu babili." Kisha akasema lile ambalo hadi leo linanikaa kooni. "Na Maman alikubali."

Maman Aziza alikuwa mlangoni. Sikumwona, kwa sababu mlango ulikuwa kushoto. Nilimsikia akivuta pumzi.

Nikageuka mzima mzima, kama kuku. "Wewe?"

"Murhula aliniambia," akasema. "Nikamwambia, nyamaza, tutamsaidia."

"Kunisaidia! Kunihamishia kikombe?"

"Mbele ya wajomba zangu ulisema nini, Papa Aziza? Ulisema ukikaa mwezi mmoja ninunue sanda. Mimi nilikuamini. Miaka thelathini na mbili naishi na maneno yale. Nilijua ukinyang'anywa usukani utakufa, au utaondoka uniache. Nikasema aendeshe, angalau jioni anarudi."

"Na yule mama wa mayai? Yeye mlimwambia nini?"

Wote wawili wananipenda, hilo silikatai, na wote wawili walikaa na jicho langu likifa mbele yao kama mtu anayetazama sufuria ikiungua jikoni kwa jirani, anaogopa kuonekana mwenye kuingilia.

Lilikuwa bado moja. Baada ya wiki nilisikia lori letu linapita. Nalijua kwa sauti ya gia ya pili. Nikauliza nani ameajiriwa. Maman Aziza akasema polepole, "Murhula." Nikasema Murhula hana perimi. "Anayo," akasema. Alikuwa ameifanyia mtihani mwaka mzima kabla ya ajali, mara tu baada ya siku ya dispensari, akaificha ndani ya kofia. Miezi yote ile, alipokuwa ananihesabia mbuzi, alikuwa na usukani wangu kichwani mwake.

Alikuja kuniambia mwenyewe kwamba aliitafuta ili siku nitakapoanguka zisianguke nyumba mbili. Labda ni kweli. Sikumfungulia mlango.

Mimi nilikwenda kwa Maman Neema hospitalini. Mguu ulikuwa umewekwa chuma, umeinuliwa kwa kamba. Nilitaka kupiga magoti, akanikataza.

"Usipige magoti, Mzee, utanipa kazi ya kukuinua. Niambie kitu kimoja. Ulinitazama usoni kabisa. Macho kwa macho. Mimi nikamwambia mwenye moto, pita, ule mzee ametuona. Kisha ukatugonga. Kwa nini?"

Nikamweleza. Kuhusu mashine, kuhusu kimya, kuhusu Murhula. Alisikiliza, akapapasa kamba ya mguu wake.

"Kwa hiyo watu wawili walijua," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe, ulimwaga chai miaka miwili na ukalaumu meza."

Ndiye peke yake aliyenitia mimi pia kwenye hesabu ya wasaliti, na alikuwa na haki. Leo anatembea, anachechemea wakati wa baridi. Sikumwomba anisamehe, naye hakusema amenisamehe. Nilipomaliza matibabu nilimpelekea kapu jipya.

Upasuaji wa jicho la kulia, lile la kulinda, nilifanyiwa mwanzo wa mvua kubwa. Nililala siku nne na ngao ya plastiki usoni. Wagonjwa wa chumba chetu waliniita Shofere, na kila muuguzi alipopita walipiga kelele, "Shofere, kushoto kweupe!" Nilicheka nao. Kicheko kilikuwa na mchanga ndani, lakini nilicheka. Chupa za dawa zilikuwa moja kila mwezi tangu ile ya kwanza, kabla ya upasuaji na baada yake, hadi nikawa nahesabu miezi kwa chupa. Chupa ya pili: kope zangu zikaota ndefu kama za ndama, Aziza akasema wasichana wa mjini wanalipia kope kama hizo. Chupa ya tatu: nikajifunza kwamba dawa ya jicho ina ladha, inashuka kooni chungu kama mwarobaini. Chupa ya nne: moyo ukawa unapiga polepole, nikachoka kupanda kilima, wakanibadilishia. Maman Aziza ndiye aliyenitia matone, saa moja asubuhi na saa moja jioni, akinishika kidevu. Tulikuwa hatusemezani, ila saa moja na saa moja.

Katika chupa ya tano polisi waliniita nichukue perimi yangu, kwa kuwa kesi ya ajali ilikuwa imekwisha na majibu ya daktari yalikuwa hayajafika kwenye faili. Niliichukua. Nilikaa nayo kwenye ukuta wa nje, karibu saa nzima. Picha yake ilikuwa ya zamani, nina nywele. Hakuna ambaye angemwambia tajiri ninachokijua ila watu walionyamaza, na hao nilikuwa na hakika wataendelea kunyamaza. Tajiri mwingine angenipa gari. Kipande changu cheupe cha katikati kilikuwa bado kinasoma herufi.

Nikarudi ndani. Askari wa dirishani akasema, "Muzehe, umesahau kitu?"

"Nimekuja kuirudisha."

"Unataka kuongeza muda?"

"Hapana. Irudi moja kwa moja. Na barua ya daktari hii hapa."

Aliigeuza mbele na nyuma, kama mtu aliyepewa samaki hai. Akamwita mwenzake, wakaulizana kwa Kinyarwanda mtu akirudisha mwenyewe inaandikwa kwenye daftari gani. Mwishowe akaniandikia karatasi kwa mkono, akasimama kunipa. Kusimama kwake nimekuweka pamoja na kiazi kitamu cha yule mama wa basi.

Na baada ya hapo nilikaa. Mwezi mmoja, miwili, mitatu. Maman Aziza hakununua sanda. Nilikaa kwenye kigoda upande wa kulia wa mlango, na kila asubuhi lori lilipita, gia ya pili, kona, honi mbili fupi. Honi zile nilimfundisha mimi. Sikufa. Lakini kila kikombe kilichowekwa kulia kilinikumbusha, na asubuhi ile ya kiangazi nilikunywa chai nikiwa nimesimama na nikaondoka.

Nilitembea. Shingo ilikuwa inageuka kila hatua chache, ndivyo nilivyofundishwa hospitalini: kichwa kifanye kazi ambayo macho yameacha. Jua lilipanda. Nilipumzika kwenye daraja, nikanunua ndizi za kuchoma, nikamuuliza mwuzaji maji ya kijito kile yanaelekea wapi. Alasiri nilifika Giheke.

Mtacheka, wa Kamembe. Giheke! Nimefika Dar, nimefika Kampala, na safari yangu kuu ikaishia pale ambapo kuku wa Kamembe anaweza kupotelea. Lakini nawaambia, nimepita Giheke maisha yangu yote na sikuwahi kufika. Sikujua kwamba nyuma ya maduka kuna kilima cha chai ya kijani na kanisa dogo lenye kengele iliyopasuka.

Nikaulizia chumba. Wakanionyesha kwa mama mmoja, Maman Devota, mjane mnene aliyewahi kuchuuza maharage Bukavu, mwenye vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya duka lake la sabuni na chumvi. Alichukua ufunguo, akatangulia. Mimi nikamfuata, na mwimo wa mlango ukanipiga begani, palepale pa zamani.

Alisimama. Akanitazama. Akainua mkono wake kushoto kwangu, nadhani, kwa sababu niliona bega lake likipanda.

"Mzee," akasema, "upande huu hauone."

"Sioni."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Ihangane, pole sana. Ulienda kwa dokta?"

"Nilikwenda. Nimechelewa."

"Eh. Hakuna muntu alikuambia?"

Ilimchukua dakika moja kuniambia. Hanijui jina. Nilikaa kwenye kitanda chake cha mbao, nikashika magoti.

Simu ikalia. Maman Aziza.

"Uko wapi?"

"Giheke."

Nikasikia anavuta kamasi, halafu kicheko kikamtoka bila yeye kutaka. "Giheke hii? Mimi nimeshamwambia Aziza upo Kigoma."

"Giheke hii."

"Dawa ulichukua?"

"Nimechukua."

"Nani atakutia?"

"Mimi mwenyewe."

"Utamwaga."

"Nitamwaga ya kwanza. Ya pili itaingia."

Hakukata simu. "Papa Aziza," akasema, "nilikosa. Ningekuambia."

Sikumwambia nimesamehe, bado sijui kama nimesamehe. Nilimwambia, "Kikombe changu, nikirudi, kiweke popote unapotaka. Ila niambie umekiweka wapi."

Kama una mzazi au mume au bosi anayeshika usukani, na umeanza kumhesabia mbuzi, acha. Usimwambie barabara. Mwambie yeye mwenyewe, leo, mkiwa mmekaa, akikasirika akasirike.

Maman Devota alirudi na beseni. Nilisikia maji yakicheza, kisha likatua sakafuni mahali nisipoona.

"Chumba hiki ndicho kimoja kilichobaki," akasema. "Mlango utakupiga siku mbili tatu, kisha utauzoea. Maji ya kunawa nimeweka kushoto, karibu na mguu wa kitanda. Geuza shingo."

Nikageuza shingo, yote, hadi kidevu kikagusa bega. Beseni lilikuwepo, la bluu, na mvuke ulikuwa unapanda.